Ndege ya rimoti ya fomibodi: shajara ya mradi, upande wa usalama

Machi

Mabawa yamekauka. Mita 1 na sentimita 20 toka ncha hadi ncha, fomibodi ile ile wanayobandikia mabango ya harusi, bawa liko juu ya mwili na linashikwa na raba bendi. Sevo nne, vile vimota vidogo vya kupinda usukani, zimekaa, mota inakaa mbele kwenye kibao cha plaiwudi, betri ni lipo (lithiamu polima) ya seli tatu, mAh 2200. Uzito wa jumla tunategemea gramu 900 hivi. Ufundi wa mabawa nimeshauandika huko nyuma, kuanzia leo naandika upande wa usalama tu maana mota imefika na propela imefika na ndo hapo mambo yanapobadilika, ndege isiyo na mota hata umpe mtoto acheze nayo sebuleni hamna neno.

Watu wengi wakisikia ajali ya ndege ya rimoti wanawaza ndege inashuka toka juu inampiga mtu kichwani. Inatokea kweli, na inaua. Septemba 2013 kule Brooklyn, New York, kijana wa miaka 19 alifariki kwenye bustani ya wazi baada ya kupigwa kichwani na helikopta ya rimoti aliyokuwa anairusha mwenyewe, na alikuwa mzoefu, sio mtu wa kubahatisha. Lakini kaa na watu wanaorusha miaka na miaka halafu usiangalie ndege zao, angalia vidole vyao. Makovu yako pale. Na ukiwauliza, karibu wote wataanza na maneno yale yale, ndege ilikuwa chini. Iko mezani, iko magotini, betri imechomekwa, jamaa anapiga stori na mwenzie huku anarekebisha kitu mbele.

Kwa hiyo msimamo wangu kwenye mradi huu ni kwamba ule muda kati ya kuchomeka betri na ndege kuondoka mkononi ndio tunautengenezea kila kitu. Huko juu ndege ikianguka, ni fomibodi, tunagundi.

Hesabu kidogo kwa wanaosema "si kapropela ka plastiki tu". Mota yetu imeandikwa 1000kv, yani kila volti moja inaipa mizunguko 1000 kwa dakika ikiwa haina mzigo. Betri ni volti 11.1. Ukifunga propela ya inchi 10 spidi inashuka, tuseme mizunguko 8,500 kwa dakika. Hapo ncha ya propela inakimbia zaidi ya kilomita 400 kwa saa, na panga moja au jingine linapita sehemu ile ile zaidi ya mara 280 kwa sekunde moja. Kidole hakipigwi mara moja kikatoka, kinapigwa mara nyingi kabla ubongo haujajua kuna nini. Na kuna jambo wazee wa injini za mafuta huwa wanalisema na ni kweli: injini ndogo ya mafuta ikigonga kidole mara nyingi inazima yenyewe. Mota ya umeme haizimi. Ikikutana na kizuizi inaendelea kusukuma, ESC, kile kidude kinachopima umeme wa kwenda kwenye mota, inaipa umeme zaidi, mpaka mtu ashushe stiki au kitu kiungue.

Machi, mwishoni

Tumebishana sana na fundi mwenzangu kuhusu mota iwe mbele au nyuma. Yeye anataka nyuma, anasema propela ikiwa nyuma ya bawa ndege ikitua kwa pua propela haivunjiki, na ikimgonga mtu inamgonga na pua ya foamu. Hoja nzuri kabisa. Ila sisi hatuna matairi, tunarusha kwa mkono, na ukirusha kwa mkono ndege yenye propela nyuma, mkono wako unapoiachia propela inapita pale pale mkono ulipo. Wanaorusha zile za bawa tupu, zisizo na mwili wala mkia, wanalijua hili, wengi wanaiachia kwanza mota ikiwa imezimwa ndo wanawasha ikishatoka. Kwa mtu anayejifunza, kuachia, kuwasha na kunyoosha ndege kwa mpigo mmoja ni kazi nyingi mno. Mota inabaki mbele, na mrushaji anashika chini ya bawa, nyuma kabisa ya propela.

Tulichokubaliana ni kutobana propela kwa nati. Tumeifunga kwa kile kishikio chenye mpira wa duara, propela ikigonga kitu inalala pembeni au inachomoka kabisa badala ya kung'ang'ania. Hainusuru kidole mota ikiwa inaenda kwa nguvu, tusidanganyane, ila ndege ikitua kwa pua inaokoa propela na shafti, na propela nzima ni salama kuliko iliyochubuka.

Hilo la kuchubuka nalo watu wanalichukulia poa. Propela yenye ufa mdogo karibu na kitovu unaweza usiione, ipinde taratibu kwa vidole kwenye mwanga, ukiona mstari mweupe itupe. Usiigundi. Kipande kikikatika kwenye spidi ile kinatoka pembeni, kwenye mstari ule ule inaozungukia propela, kwa hiyo sehemu mbaya kuliko zote kusimama mota ikijaribiwa ni ubavuni usawa wa propela, halafu inafuata mbele. Simama nyuma. Miwani ya fundi welda ile nyeupe inauzwa bei ya chips, vaa. Na propela za chuma achana nazo kabisa, chama cha Marekani cha warusha ndege za mfano, AMA, ambacho kipo toka 1936, kimezikataza kwenye kanuni zake za usalama.

Aprili

Hii ndo kazi ninayoiona ya maana kuliko zote mpaka sasa, kwa hiyo naielezea vizuri.

Ramani tuliyoifuata inaweka mlango wa betri puani, juu, sentimita kama 6 nyuma ya propela. Ina maana yake, betri inatakiwa mbele ili uzito ukae sawa. Sasa fikiria unachomeka plagi: mkono wa kushoto unashika pua ya ndege, wa kulia unasukuma plagi, na hizi plagi za njano zinabana kweli, unasukuma kwa nguvu, vidole vyote kumi viko jirani na propela dakika ile ile umeme unapoingia kwa mara ya kwanza. Kama kuna kitu kibaya kwenye rimoti au ESC, utakijulia pale.

Tulichofanya ni kukata waya mwekundu kati ya betri na ESC na kuutoa ubavuni mwa ndege, nyuma ya bawa. Pale tumebandika plagi jike, imezama kwenye kibao cha plaiwudi na kugundiwa kwa epoksi, sio gundi ya moto maana kwenye jua la huku gundi ya moto inalegea. Halafu plagi dume tumeiunganisha miguu yake miwili kwa kipande kifupi cha waya mnene, risasi ya kulehemu imeingia vizuri mpaka ndani, tumeifunika na ile mipira inayosinyaa kwa moto. Tumefunga na utepe mwekundu wa nguo, mrefu kama kiganja. Utepe ukiwa unaning'inia ubavuni ujue ndege iko hai. Utepe ukiwa mfukoni kwa rubani, ndege imekufa, ishike unavyotaka. Sasa betri unaichomeka ndani kwa raha zako, mlango unafunga, raba unavuta, uzito unakagua, na umeme haujafika kwenye mota. Ukishakuwa tayari unapiga goti nyuma ya bawa, unachomeka ule utepe, mkono uko mbali na propela zaidi ya sentimita 35.

Inaongeza gramu chache na sehemu moja zaidi ya kukagua risasi. Sawa tu.

Mpangilio tuliouandika kwa maka peni kwenye boksi la rimoti: rimoti inawashwa kwanza, stiki ya spidi iko chini kabisa, swichi ya kufunga mota imefungwa, ndo utepe unachomekwa. Kuzima ni kinyume, utepe unatoka kwanza, rimoti mwisho. Wanaozima rimoti kwanza wanaiacha ndege yenye umeme haina mtu wa kuiamrisha.

Ambayo inanileta kwenye failisefu. Maana yake ni kile resiva, kipokezi kilicho ndani ya ndege, inachofanya ikipoteza mawasiliano na rimoti. Yetu ilivyotoka kwenye boksi ilikuwa inashikilia amri ya mwisho, yani ukipoteza mawasiliano mota ikiwa nusu, inabaki nusu mpaka igonge kitu au betri iishe. Ndege inayokuja chini bila mota na ndege inayokuja chini inavuta ni vitu viwili tofauti kabisa kwa mtu aliyesimama pale. Tumeibadilisha mota izime. Kupima ni rahisi: TOA propela, washa kila kitu, peleka stiki nusu mota izunguke, zima rimoti. Mota lazima isimame. Isiposimama hakuna kuruka, rudi kwenye maelekezo ya resiva. Na kila kazi ya mezani toka siku hii propela inakaa kwenye droo, inafungwa kiwanjani tu, hilo halina mjadala hata ukiwa na haraka vipi.

Mei

Betri. Nimeshasikia watu wanaiita bomu, sio bomu, ila haina huruma. Seli ikijaa ni volti 4.2, ukiizidisha inaanza kuvimba na ikifika mbali inawaka. Ukiishusha chini ya volti 3 inaharibika, na ukija kuichaji hiyo iliyoharibika ndo unatafuta moto. Tunachaji kwa chaja ya balansi, ile inayosawazisha seli zote, ampia 2.2 na sio zaidi, kwenye sakafu ya vigae, betri ndani ya chungu cha udongo, ndoo ya mchanga mkavu iko pembeni. Mtu yupo. Sio yuko chumba cha pili anaangalia mpira. Umeme wa kwetu unavyokatika na kurudi, mimi siamini chaja yoyote itakumbuka ilikuwa inafanya nini, umeme ukikatika tunachomoa na kuanza upya tukiwa macho.

Kama haturuki wiki hiyo betri inarudishwa kwenye volti 3.8 kwa seli, inakaa hivyo. Betri ikianguka na ndege, hata kama inaonekana nzima, inakaa nje juu ya mchanga huku tunaiangalia kabla ya kuingia kwenye gari, maana seli iliyobonyea inaweza kutulia kwanza halafu ndo ianze moshi. Na buti la gari lililopaki juani mchana wa Dar sio mahali pa kuhifadhi lipo, labda kama gari ni la adui yako. Moshi wake usiuvute, ikiwaka nje iache iwake.

Kisu cha kukatia fomibodi nakitaja kwa sababu mpaka sasa ndicho pekee kilichomwaga damu kwenye mradi huu. Wembe butu unasukumwa, unateleza. Badilisha wembe, kata ukielekeza mbali na mkono ulioshika rula, basi.

Juni

Kiwanja. Tumepata eneo la wazi upande wa Mapinga kuelekea Bagamoyo, hakuna nyaya za umeme karibu, minazi iko upande mmoja tu. Tulianza kwa mwenyekiti wa mtaa, tukamuonyesha ndege, akauliza maswali ya maana kuliko tuliyotegemea, mojawapo likiwa "ikiingia kwenye bati la mtu nani analipa?" Tukaandikishana. Kibali nacho kisidharauliwe, vyombo vinavyoruka bila rubani ndani vina kanuni zake chini ya TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, toka 2018, na usijidanganye kwamba kwa kuwa yako ni ya fomibodi haikuhusu, nenda kaulize kabla, hasa kama uko karibu na kiwanja cha ndege au kambi.

Kitu ambacho video za wazungu hazikufundishi ni watoto. Kwao kiwanja cha klabu kina uzio, watazamaji ni wazee watatu na viti vyao. Huku ukifungua buti tu, dakika tano una watoto thelathini. "Shikamoo anko, hii inaruka kweli?" Marahaba, inaruka. Na ikiruka wanaikimbilia inakoelekea, ikitua wanashindana nani ataishika kwanza. Kanuni ya AMA inataka ndege isimkaribie mtu yeyote chini ya futi 25, kama mita 7 na nusu, ukiondoa rubani na msaidizi wake. Mtoto mwenye furaha anazimaliza hizo mita wakati wewe bado unatafuta stiki.

Kuwafukuza haifanyi kazi na sio ustaarabu, uwanja ni wao. Mama anayeuza mihogo pale pembeni ndiye aliyetupa njia, alisema wapeni kazi. Sasa tuna kamba ya katani imefungwa kwenye miti miwili upande upepo unakotokea, watoto wote nyuma ya kamba, na wakubwa wawili wanapewa fulana za njano wao ndo walinzi wa kamba. Wana ukali hao, mimi mwenyewe nimewahi kuulizwa naenda wapi. Rubani anasimama mbele ya kamba mgongo kwao, na ndege haivuki nyuma ya mstari wa rubani kwa sababu yoyote, hata kama upepo umegeuka unaisukuma huko, bora uiangushe mbele yako.

Ndege ikitua, hakuna anayesogea mpaka rubani afunge swichi ya mota na apige kelele "IMEFUNGWA!" Ndo msaidizi anaenda, anaifikia kwa nyuma, anachomoa utepe mwekundu, anaunyanyua juu watu wauone. Watoto wamelipenda hilo kuliko hata kuruka kwenyewe, utepe ukinyanyuliwa wanashangilia.

Wiki hii pia tumepata habari ya jamaa wa kundi jingine, kidole cha shahada na cha kati, nyuzi kadhaa, kucha moja imeondoka. Alisimamisha rimoti wima chini kwenye nyasi, antena juu, akainama kunyoosha propela. Upepo ukaisukuma rimoti ikaanguka kifudifudi na stiki ikasukumwa. Hakuna aliyeigusa. Ndo maana rimoti yetu haisimamishwi chini, inaning'inia shingoni kwa mkanda au iko mikononi kwa mtu mwingine anayejua amebeba nini. Mwenzetu anaendelea vizuri, pole kwake.

Boksi la huduma ya kwanza limeongezwa gozi nyingi, bandeji, glavu na chupa ya maji safi ambayo hairuhusiwi kunywewa. Jeraha la propela linachanika ovyo na linaingia uchafu, unakandamiza kwa gozi, unanyanyua mkono juu ya moyo, unaenda zahanati hata kama linaonekana dogo, wakuangalie mishipa na chanjo ya pepopunda. Tumeshaamua nani ana gari na funguo zinakaa wapi.

Julai

Imeruka!

Kusi ya mchana ilikuwa inatuzuia, kwa hiyo tunaenda alfajiri, saa 12 na nusu hivi upepo bado umelala, ikifika saa 4 tunafungasha. Faida nyingine jua liko chini upande mmoja, unajua pa kutopita nalo, maana ndege ikipita kwenye jua sekunde moja tu unapoteza picha, hujui inakuja au inaenda.

Kabla ya kuirusha tulipima umbali, rimoti ikiwa kwenye nguvu ndogo, mtu anatembea nayo hatua zile zilizoandikwa kwenye maelekezo yake huku mwingine ameshika ndege anaangalia sevo. Halafu uelekeo wa eleroni, vile vibao vinavyopinda nyuma ya mabawa. Hili usilipitie juujuu: stiki kulia, eleroni ya kulia inapanda, ya kushoto inashuka. Zikiwa kinyume ndege inaonekana nzima kabisa mpaka inapotoka mkononi, inalala upande mmoja, unarekebisha, na kila unavyorekebisha inazidi kulala. Kitovu cha uzito tumekiweka kwenye asilimia 28 ya upana wa bawa kutoka mbele, unainyanyua kwa vidole viwili chini ya mabawa na pua inainama kidogo sana.

Msaidizi akashika chini ya bawa, mimi nikafungua swichi nikasema "mota", stiki robo tatu, akaitupa ikiwa sawa na upeo wa macho, hakuitupa juu. Ikaenda. Fundi mwenzangu alisahau kurekodi, alikuwa amefumbua mdomo tu.

Kwa spidi yake ya kawaida, mita 15 kwa sekunde, hizi gramu 900 zina nguvu kama ya tofali la kilo mbili na nusu lililodondoka toka mita 4. Ukiongeza spidi mara mbili nguvu inakuwa mara nne, sio mbili, kwa hiyo hakuna kupiga mbizi kuwaelekea watu ili washangilie. Na kuidaka kwa mkono ikitua, ambako nimeona kijana mmoja anajisifia nako, hapana. Nyasi zipo.

Siku moja iliingia kwenye mnazi. Watoto watatu walishaanza kupanda kabla hatujasema kitu, walinzi wa kamba wakawashusha. Tulifunga swichi, tukangoja upepo. Ilikaa kule mpaka jioni ikashuka yenyewe bawa limepasuka, utepe bado umechomekwa, betri ya moto moto kidogo ikaenda kwenye mchanga. Ingekuwa kwenye nyaya za umeme tungeiacha na kupiga simu TANESCO, hakuna mti mrefu wala fimbo ya kuangulia maembe inayostahili kupelekwa kwenye waya ule kwa ajili ya fomibodi.

Agosti

Bawa limegundiwa, gramu 12 zimeongezeka, uzito umepimwa upya. Plagi ya utepe imelegea kidogo kwa kuchomekwa na kuchomolewa, tunaibadilisha kabla haijaanza kukatakata umeme angani. Dogo mmoja wa walinzi wa kamba ameanza kujifunza kwenye simyuleta ya simu, ana mkono mzuri kuliko sisi wote, akifika nusu saa bila kuangusha tunampa rimoti ya pili ya kufundishia, ile ambayo mwalimu akiachia swichi usukani unarudi kwake.

Mota kubwa zaidi ambayo fundi mwenzangu ameagiza iko njiani. Tumekubaliana ikifika inakaa mezani bila propela mpaka failisefu ipimwe upya na kibao cha plaiwudi kibadilishwe kiwe milimita 6.